Chakula na Jina Lake

Msomaji, wako watu waaminio kwamba chakula cha taifa moja kikikaa meza moja na cha taifa jingine, vyote viwili huharibika. Watu hao hupita mbele ya mkahawa mdogo katika wilaya ya 10 ya mji wa Paris, ambako Wakurdi wengi wana maduka yao. Huona nyama ya ng'ombe iliyotokoswa polepole na karoti kwa desturi ya Kifaransa, na kando yake majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali kwa desturi ya Kikurdi. Hapo hutikisa vichwa wakasema, "Hiki si cha Kifaransa wala si cha Kikurdi." Mimi nasema wamekosa.

Kwanza, usafi wanaoulilia haukuwako kamwe. Kiazi, ambacho jiko la Kifaransa haliwezi kukikosa leo, kilitoka Amerika. Katika karne ya 18 Parmentier alifanya kazi kubwa ya kuwashawishi Wafaransa wakile. Nyanya nayo ilivuka bahari hiyo hiyo. Sisi tulao pilau na chapati tungekuwa watu wa mwisho kuucheka mchanganyiko, maana hata Wakurdi wanalo neno hilo la pilau.

Pili, UNESCO ilipoutia mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, haikutukuza mchuzi mmoja. Ilitukuza desturi ya watu kukusanyika mezani na kula vizuri pamoja. Je, desturi ya kukusanyika huvunjwa na mgeni aongezaye kiti?

Wengine hunijibu, "Mwacha mila ni mtumwa." Neno hili ni zito, kwa kuwa Wakurdi wamenyang'anywa mengi. Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwafungulia njia ya kupata dola yao. Ule wa Lausanne wa mwaka 1923 haukuwataja. Mwaka 1983 Uturuki ilitunga sheria iliyozuia kueneza mawazo kwa Kikurdi, bila hata kuitaja lugha hiyo kwa jina, na sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1991. Lakini mila haifi kwa kuwekwa jirani na mila nyingine. Hufa kwa kukosa mtu wa kuitenda. Mama afungaye wali katika jani kama alivyofundishwa na mama yake hakuiacha mila. Ameivusha mipaka ikiwa hai.

Hata hivyo, mchanganyiko una sharti moja: kila chakula kiitwe kwa jina la wenyewe. Mtindi wa Mkurdi uitwe mast, na mkate wake uitwe nan. Mwenye mkahawa akiwaficha Wakurdi nyuma ya neno "Mashariki" ili asiwashtue wateja, atakuwa ameifanya kwa hiari kazi ile iliyofanywa na sheria kwa nguvu. Aibu haimo katika kuchanganya vyakula, imo katika kulificha jina.

Basi, msomaji, siku utakapoketi katika meza ya mtu wa nchi nyingine, usimwulize kama chakula chake ni safi. Mwulize chaitwaje, na ni nani aliyemfundisha kukipika. Kisha nawa mikono ule.