Leso Bila Jina: Maoni Kuhusu Bendera za Miungu wa Kike

Katika maduka ya mapambo ya Ulaya na Marekani huuzwa bendera ndogo ndogo za kitambaa, zilizoshonwa au kuchapwa kwa mkono, zikatungwa kwenye uzi mmoja. Kila bendera ina sura ya mungu wa kike: Isis wa Misri ya kale, Kali wa India, Guanyin wa Uchina, Pele wa Hawaii, pengine na Yemoja wa Wayoruba. Wanunuzi huzitundika ukutani au barazani, na wengi wao wana nia njema. Wanataka kukumbuka kwamba si watu wote duniani waliompa Muumba sura ya mzee mwenye ndevu. Nia hiyo sina ugomvi nayo. Ninalolipinga ni kuwa sura hizo zimetenganishwa na maneno yake.

Mtindo wa kutunga bendera kwenye uzi umeigwa kwa Watibeti. Wao huchapa vitambaa vya rangi tano, yaani buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano, kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Baadhi ya vitambaa hivyo hubeba sura ya Tara, lakini sura hiyo huzungukwa na maandishi ya sala, na sala ndiyo inayoaminiwa kusambazwa na upepo. Muigaji aliichukua sura na rangi, akayaacha maandishi.

Haiti ina mfano bora zaidi, na hapa ningependa msomaji atue kidogo. Mafundi wa Port-au-Prince hushona bendera za Vodou, ziitwazo drapo, kwa vipande vidogo ving'aavyo na shanga, maelfu kwa maelfu, juu ya kitambaa. Katika ibada, wabeba bendera wawili huingia wakiandamana na mshika upanga ili kuwalaki lwa. Miongoni mwa lwa hao yumo Ezili Dantò, mama mweusi mwenye makovu shavuni, aliyempakata mtoto. Alama yake ni moyo uliochomwa kisu. Sura yake ilitokana na picha ya Bikira Maria wa Częstochowa, ambayo inasadikiwa kufika huko pamoja na askari wa Poland waliotumwa na Napoleon mwaka 1802. Wahaiti humhusisha na ibada ya Bois Caïman ya Agosti 1791, iliyotangulia uasi wa watumwa na hatimaye uhuru wa tarehe 1 Januari 1804. Aghalabu jina lake hushonwa papo hapo kwenye bendera. Mtu anayeliondoa jina hilo hubakiwa na picha ya mwanamke na mtoto tu. Historia yote hiyo imekwenda.

Wapo watakaodai kwamba kosa ni biashara yenyewe. Sikubaliani nao. Myrlande Constant, aliyejifunza kutia shanga katika kiwanda cha nguo za arusi, hushona drapo kubwa zinazonunuliwa na makumbusho, na mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa Venice. Hakuna aliyemlazimisha kuwafuta lwa wake majina ili auze. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili kupitia leso. Leso huuzwa dukani kwa fedha taslimu, lakini mnunuzi wa Mombasa husoma jina kabla ya kuuliza bei, maana leso bila jina haimwambii mtu neno. (Hata katika mapango ya mizimu ya pwani, mtu hafungi kitambaa chochote tu, rangi yake ina mwenyewe.)

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina upande mwingine. Tunapofasiri maelezo ya sanaa kama hii tunaandika "mungu wa kike", kisha tunabishana iwapo wingi ni "miungu wa kike" au "miungu ya kike". Ubishi huo ni mdogo. Kubwa ni kwamba neno "mungu" halina jinsia, na "yeye" halina pia. Tunapoongeza "wa kike" tunakiri, bila kulazimishwa na lugha yetu, kwamba mungu wa kawaida ni mwanamume. Isitoshe, Ezili si mungu machoni pa Wahaiti. Mungu wao ni Bondye, na lwa ni roho walio chini yake. Neno letu "pepo" lingekuwa karibu zaidi kuliko "mungu", ijapokuwa nalo limechafuliwa na mahubiri. Afadhali kuandika lwa na kumwita Ezili kwa jina lake.

Hapa Kenya tunaye Enkai wa Wamaasai. Kiambishi en- katika Kimaa ni cha jinsia ya kike, lakini wafasiri wa Kiingereza walimfanya mwanamume. Kiswahili kilimwita Mungu na kuliacha suala la jinsia wazi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la heshima zaidi. Wamaasai humtaja Enkai Narok, aliye mweusi na mwema, na Enkai Nanyokie, mwekundu mwenye ghadhabu. Fundi atakayetaka kumtia kwenye uzi wake pamoja na Isis na Kali itambidi kwanza awaulize Wamaasai ni sura gani inayolifaa jina ambalo pia ni jina la mvua.