Kanisa Lilikataa Doo ya Ruto, Lakini Vijana wa Parokia Bado Wako Nje ya Holi

Novemba 2024, wasee walipigia Kanisa Katoliki makofi Kanairo nzima. Rais Ruto alikuwa ameenda misa Soweto, Embakasi, akaacha Sh600,000 za kwaya na watoto wa PMC, na Sh2 milioni za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akakataa hizo pesa, akasema zirudishwe. Gen Z walifurahi, maana tangu Juni walikuwa wanadai wanasiasa watolewe altareni.

Sasa njoo ndani ya parokia yenyewe. Kikundi cha vijana kikiosha sufuria za harambee, kikidansi wakati wa matoleo na kupanga viti, hakuna padri hulalamika. Shida huanza siku wamekaa holini Jumamosi na kuuliza, hii michango ya ujenzi imefika wapi? Nani alimpea mheshimiwa maiki? Wiki inayofuata funguo ya holi haionekani. Ama kuna harusi. Ama ajenda lazima ipitie ofisi kwanza.

Padri naye ana yake. Holi ikikodishwa ndio stima inalipwa. Binti ya mtu akifika home saa nne usiku, mathee anapigia padri, hapigii mwenyekiti wa vijana. Na wanasiasa wanajua kuingilia vikundi kwa tisheti na ganji kidogo, hilo tusijifanye hatulioni.

Lakini cheki sheria ya Kanisa ya 1983. Kanuni ya 536 inasema baraza la kichungaji la parokia linashauri tu. Ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na kazi yake ni kumsaidia paroko. Kwa hivyo hata wazee hawana neno la mwisho. Tofauti ni kwamba mzee hupigiwa simu kabla ya uamuzi, kijana husikia kwa matangazo baada ya komunyo. Mwakilishi wao akiwa kwa baraza, ni mmoja, na akifungua mdomo anakumbushwa umri wake.

Mwaka wa 2024, kwenye misa ya kuombea waliouawa kwa maandamano, Holy Family Basilica, vijana walipaza sauti kupinga serikali ndani ya kanisa. Askofu msaidizi Simon Peter Kamomoe akawaomba msamaha kwa pale Kanisa liliwakosea. Manze, ni viongozi wangapi Kenya hii wamewahi kufanya hivyo? Ila msamaha wa askofu tao haufungui holi ya mtaani. Hiyo inafunguliwa na paroko, na paroko huyo huyo anaweza kuwasomea vijana hesabu ya parokia Jumamosi moja tu. Pesa za Rais tulitajiwa mpaka shilingi ya mwisho. Hizi za harambee, zenye vijana waliosha sufuria zikichangwa, mbona ziwe siri?