Sala na kiti cha mbele

Sisi wa Nkunga tunakijua kichefuchefu cha safarini. Ukipanda Kosta kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, kona za Kiwira hadi Isongole hazina msamaha, na bado anayeendelea hadi Dar es Salaam anasubiriwa na kona za mlima Kitonga. Mimi kichefuchefu kilinitesa tangu utoto. Mama, Mmoraviani wa damu, alinifundisha kusali kabla gari halijaondoka, kisha kushika Zaburi ya 121, ile ya milima, huku nikiangalia kule mbali Mlima Rungwe ulikosimama. Hofu ilipungua, na hofu ndiyo nusu ya ugonjwa wenyewe.

Ila tusiwadanganye watu kwamba ni sala peke yake. Sikio la ndani linahisi gari likiyumba, macho yaliyoinamia simu yanasema umetulia. Ubongo unavurugika, tumbo linalipa. Kutazama mbali kunasaidia hata asiyesali. Mungu hakukataza tangawizi wala kiti cha mbele. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, rambo la dharura si rahisi kulipata, kwa hiyo beba kikopo chenye mfuniko. Abiria wenzangu, mtoto akitapika msimcheke, mfungulieni dirisha.