Njia Ikifungwa
Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, barabara ziingiazo Eldoret zilizibwa kwa mawe na magogo. Maziwa yakaharibika mashambani, na uhaba wa petroli ukafika hata Uganda.

Basi wakati wa amani kila chama cha ushirika na kitengeneze mambo matatu. Nakala ya daftari iwekwe mahali pa pili, maana daftari likiteketea, mkulima hana ushahidi wa maziwa aliyokwisha kuyaleta. Ajulikane atakayeshika funguo karani asipokuwapo. Tena jenereta ya kupozea maziwa ijaribiwe kila mwezi, na mafuta yake yasingoje kwisha ndipo yanunuliwe. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.