DAWA YA UKAME SI MOSHI

Wako wasemao kwamba ni upuuzi kuyaacha ardhini makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka, na huku mfanyakazi wa Kiwalani akitoka kazini jioni hukuta nyumba ina giza. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, ukame ulipunguza maji ya mabwawa yetu, umeme ukatolewa kwa mgawo. Na kiwanda kikisimama, kibarua ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Hata hivyo, sisi hatukubali kwamba dawa ya ukame ni moshi.

Jirani zetu wa Kenya walikusudia kujenga Lamu mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wananchi wakapinga, wavuvi wakiwamo, na mwezi Juni 2019 baraza la mazingira likafuta kibali kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Je, Kenya imekaa gizani? La! Mvuke wa ardhini wa Olkaria unaendesha mitambo yake usiku na mchana. Lakini mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikamilika mwaka 2017 ikakaa bure hadi 2018 ikingoja nyaya.

Ndugu zetu wa Afrika Kusini nao waliuzima mtambo wa makaa wa Komati mwezi Oktoba 2022, kabla kazi nyingine za kutosha hazijaandaliwa kwa watu walioutegemea. Anayejenga mtambo kama huo leo anawawekea wafanyakazi wa kesho msiba ule ule.

Sisi tunalo Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, ambalo mashine zake 9 za jumla ya megawati 2,115 zilikamilika mwaka 2025. Lakini maji peke yake hayatoshi, kwani ukame utarudi. Hatuna budi kuyaongezea jua la Kishapu, upepo wa Singida na joto la ardhi la Mbeya.

Kwa hiyo tunasema: fedha ambazo zingejenga mtambo wa makaa zitiwe katika kazi hizo, na katika nyaya na transfoma za mitaa kama Kiwalani. Wachimbaji wa Ngaka nao washirikishwe tangu sasa katika kila mpango unaogusa riziki yao. Matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi vilizungumze jambo hili mapema, kabla mikataba haijatiwa sahihi.