Mzazi, Mwache Mwanao Asafiri

Iko tabia imezuka miongoni mwetu wazazi, na kadiri siku zinavyokwenda naiona inaota mizizi. Kijana wa chuo kikuu anapata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya. Tunamchinjia mbuzi, tunamsomea dua au tunampeleka kanisani akaombewe, tunakodi basi dogo la kumsindikiza uwanja wa ndege. Yote hayo ni mema na ndiyo malezi yetu. Lakini ndege ikishapaa, badala ya kumkabidhi mtoto kwa Mwenyezi Mungu na kwa akili alizopewa, tunaanza kumfuata kwa simu. Umetua? Umefika chumbani? Umekula nini? Hilo koti ni zito? Huyo aliyesimama nyuma yako kwenye picha ni nani? Mtoto yuko Ujerumani, mzazi yuko Tabata, na ukitazama vizuri hakuna aliyesafiri.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu umeitwa rasmi, kwa viza na tiketi, uje umfunze mtoto, na mama bado amekaa mlangoni anauzuia usiingie. Na baba pia, nisije nikaonekana nawaonea akina mama peke yao. Akina baba ndio mabingwa wa kuomba mtoto awashe ile ramani ya simu inayoonyesha yuko mtaa gani.

Ninamfahamu mama mmoja, mcha Mungu, mkarimu, asiyekosa msiba wa jirani. Akimaliza swala ya alfajiri humpigia mwanawe simu ya video. Huku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Ulaya ya kati huwa nyuma ya zetu kwa saa mbili, kwa hiyo kule ni saa kumi usiku na kijana yuko ndani ya blanketi. Asipopokea, ukoo mzima unaamshwa. Shangazi wa Morogoro anapigiwa, baba mdogo wa Mwanza anapigiwa, na jirani mwenye shemeji Uholanzi anaombwa amwambie shemejiye "akamchungulie mtoto", utadhani Amsterdam na Berlin ni Magomeni na Kinondoni. Baadaye mtoto anaibuka na kueleza kwamba alikuwa amelala. Watu wazima wameshapandwa na shinikizo la damu kwa sababu kijana wa miaka ishirini na mbili amelala usiku.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tunachokikimbia ni kile kile kilichotufanya tumpeleke. Jumapili ya kwanza Ujerumani, kijana atakuta maduka yamefungwa, karibu yote, kwa mujibu wa sheria za kule. Asiyenunua mkate Jumamosi atashinda na chai. Vizuri! Ashinde na chai. Jumamosi inayofuata hatasahau. Lakini mzazi wa siku hizi ameshasoma habari hiyo kwenye simu yake, na kila Jumamosi mchana anatuma ujumbe: mwanangu, mkate. Kijana anakula mkate wake na hajifunzi lolote. Desemba ikifika, Berlin jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na giza lile humwingia kijana wetu rohoni. Dawa yake ni kugonga mlango wa chumba cha pili, kumkuta huko Mhispania au Mturuki au Mvietinamu aliye mpweke kama yeye, na kupika pamoja kwenye jiko la bweni. Yeye lakini hawezi kugonga mlango, kwa sababu ameketi kitandani anamwonyesha bibi theluji ya dirishani, kisha anamwonyesha mama mkubwa theluji ile ile, kisha wajomba.

Mgaya wa Nyang'ombe hakuwa na simu. Mwanawe Julius Nyerere aliondoka mwaka 1949 kwenda Edinburgh, akakaa huko hadi mwaka 1952, na mama yule kule Butiama hakujua asubuhi ya leo mwanawe amekunywa uji au hakunywa. Hakujua kama kofia yake inaziba masikio. Alimwachia Mungu, na alichorudishiwa sote tunakijua.

Najua mtakachonijibu: dunia imebadilika, kuna hatari. Hatari zipo, na simtetei mzazi asiyeuliza hali. Mtoto na awe na bima yake, awe na namba ya ubalozi, na mara moja kwa wiki asikie sauti ya nyumbani. Nalaumu ufuatiliaji wa saa hadi saa unaojiita upendo, na nusu yake, tuseme kweli, si upendo bali ni kutaka habari za kusimulia kwenye vikao vya harusi.

Maana hapo ndipo picha zinapoingia. Kila mwisho wa wiki kijana anapanda basi la usiku au ndege ya bei poa, Jumamosi yuko Prague, Jumapili yuko Vienna, na kila mahali anatakiwa kutuma ushahidi. Picha ikifika, baba hairuhusu ipoe. Anairusha kwenye kundi la ukoo, kundi la kamati ya ujenzi wa msikiti, kundi la waliosoma naye darasa la saba, na chini yake anaandika: "Kijana wetu leo yupo Italia." Watu thelathini wanajibu "Mashallah" na "Mungu ambariki". Mmoja tu, mzee mchokozi, anauliza: "Anafanya nini huko?" Hajibiwi.

Tazameni picha zenyewe. Huyu hapa yuko Pisa, amenyoosha mikono miwili hewani kana kwamba anauzuia mnara usianguke, na kando yake watu hamsini wamenyoosha mikono vivyo hivyo, kila mmoja kwa kamera yake. Kijana huyu anasoma fizikia! Pisa ndiko alikozaliwa Galileo mwaka 1564, na katika chuo kikuu cha mji huo ndiko alikoanza kufundisha hisabati mwaka 1589. Mwanafunzi wa fizikia amefika kwenye mji wa Galileo, ameshika mnara, ameondoka. Na baba yake hakuuliza kitu, kwa sababu picha ilikuwa imetoka vizuri.

Au huyu mwingine, mtoto wa Lindi, kasimama mbele ya lile Lango la Brandenburg mjini Berlin na vidole viwili juu. Si mbali na hapo, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, amesimama mjusi wa Tendaguru, dinosaria mkubwa kupita nyumba ya ghorofa tatu, zaidi ya mita 13 toka unyayo hadi utosi. Mjusi huyo alichimbuliwa kwao Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Waliomchimbua kwa majembe na mikono walikuwa watu wetu kwa mamia, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Bungeni kwetu amezungumzwa zaidi ya mara moja. Pengine babu wa babu yake kijana huyu alibeba ubavu mmoja. Yeye amekaa Berlin muhula mzima na hakuingia mle ndani, kwa kuwa hakuna aliyemwomba picha ya mjusi. Mzazi anaomba mnara, mtoto analeta mnara.

Nami siwaoni vijana kuwa wajinga. Wala ninyi wazazi si wajinga. Mtu aliyesomesha watoto kwa mshahara wa ualimu au kwa genge la mboga, akamfikisha mmoja Ulaya, huyo ana busara kuliko wengi wanaopanda majukwaani. Ndiyo maana naona uchungu kuona busara hiyo inaishia kwenye kuhesabu tiki za bluu. Mtoto hutoa kile anachodaiwa. Mkimdai picha atatoa picha. Mdaini masimulizi.

Mwambieni aandike. Kila baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili chake kizuri au kwa lugha ya nyumbani, hata kama ataupitishia kwenye simu hiyo hiyo. Aeleze jirani yake wa bweni ni mtu wa namna gani, profesa wao anakubali kubishiwa au hakubali, wazee wa kule wanakaa na nani, mtu akifa wanazikaje, basi likichelewa dakika tano watu wananung'unika vipi. Anayejua kwamba atasimulia hutazama kwa macho mengine.

Na hili si jambo geni kwetu hata tuseme ni la Wazungu. Selim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia mwaka 1896, akayaandika aliyoyaona kwa Kiswahili, na maandishi yake yakachapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika kitabu cha safari za Waswahili. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin miaka ya 1890, naye akaacha habari zake. Ham Mukasa alifuatana na Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa, kwenda London mwaka 1902 kwenye sherehe za kutawazwa Mfalme Edward wa Saba, akaandika kila kitu kwa Kiganda ili watu wa kwao wasome. Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyehamia Hamburg mwaka 1867, aliandika barua za kwenda nyumbani kuhusu baridi, upweke na tabia za Wajerumani, na mpaka leo wanazuoni wanazisoma. Hao hawakuwa na kamera mfukoni, basi ikawabidi waone. Mjukuu wao ana kamera tatu katika simu moja, na ukimuuliza Vienna ikoje atakwambia ni pazuri.

Hapa wasomaji mniwie radhi, kuna jambo jingine ambalo nikilinyamazia nitaumwa tumbo: maagizo. Hivi ni nani aliyetuambia kwamba mwanafunzi ni duka? Habari za safari hazijapoa, orodha imeshatumwa. Kaka anataka viatu vya mpira vya kampuni fulani, na namba yake ni 44. Dada anataka manukato. Binamu, ambaye siku ya kuchangia nauli hakuonekana, anataka simu "hata iliyotumika". Msafiri maskini ajapokuwa sultani, na huyu si sultani. Anaishi kwa posho ambayo kodi ya chumba na chakula vinaimeza kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo kuna begi la ndege, ambalo kwa kawaida ni la kilo 23. Nimeona vijana wanaacha vitabu vyao kwenye ukumbi wa bweni ili viatu vya shemeji vipate nafasi. Vitabu, ndugu zangu! Mwana anakwenda kutafuta elimu, tunamrudisha na raba.

Na katika kundi hilo la waagizaji hakosi mjomba wa kusema, "Ukiwa huko huko Ulaya, pita London umsalimie mwenzangu." Mjomba, kaa nikueleze. Kuna kijiji kiitwacho Schengen, Luxembourg, ambako mwaka 1985 nchi tano zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Leo nchi zilizomo ni 29. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa nchi moja kati ya hizo anaweza kutembelea nyingine kwa siku 90 katika kila siku 180, bila viza nyingine. Uingereza haimo. Kumsalimia mwenzako kunataka viza yake, ada yake na miadi yake, na ukishavijumlisha hivyo salamu ya simu itamtosha.

Turudi kwa mzazi. Katika maulizo yote hayo, ya koti na chakula na nani yuko nyuma kwenye picha, lipo moja ambalo sijasikia mtu akiuliza: haya masomo unayosoma huko, chuo chako cha nyumbani kimekubali kuyahesabu? Wengi wa vijana wetu huenda kwa mpango wa Erasmus, ambao Ulaya iliuanzisha mwaka 1987 kwa wanafunzi wake na siku hizi unapokea hata wa vyuo vya Afrika. Muhula kamili kwa mizani ya kule ni krediti 30. Kabla ya safari huandikwa mkataba wa masomo, unaotiwa saini na pande tatu: mwanafunzi, chuo anachotoka na chuo anachokwenda. Somo likibadilishwa huko, na hubadilishwa mara nyingi kwa sababu ratiba hugongana, karatasi nayo hubadilishwa na kutiwa saini upya. Kijana anayeona uvivu wa kufuatilia saini hiyo, akawa kila Ijumaa anawahi basi la Prague, anaweza kurudi na alama nzuri ambazo ofisi ya mitihani hapa nyumbani haina pa kuziandika. Muombeni nakala ya karatasi hiyo, yenye saini zote tatu, wiki hii. Ada ya muhula wa kurudia haitalipwa na mjomba mwenye mwenzake London.