Acheni Kuabudu 600

Kuna hesabu moja inayoniudhi tangu nianze kazi ya kuandika programu: kujumlisha vitu visivyofanana, halafu jibu likaitwa nguvu. Meneja anahesabu mistari ya programu uliyoandika wiki hii. Muuzaji wa tarakilishi, enzi zile za Pentium 4, alikutajia gigahertz tu na mazungumzo yakaishia hapo. Na mashabiki wa Pokémon nao wana namba yao takatifu, 600. Leo nina ugomvi nayo.

Kwa ambaye hajacheza: kila Pokémon ana takwimu sita za msingi, yaani uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Wapo wale wa hekaya, akina Mewtwo, ambao mchezo wenyewe unawatenga na wengine. Halafu lipo kundi ambalo mashabiki wamelibuni na kuliita "pseudo-legendary". Hawa si wa hekaya, ila wamekalishwa jirani nao. Sharti la kuingia ni maumbo matatu ya kukua, jumla ya 600 kamili katika umbo la mwisho la kawaida, na pointi za uzoefu 1,250,000 ili kufika leveli 100. Ni Dragonite, Tyranitar, Salamence, Metagross, Garchomp, Hydreigon, Goodra, Kommo-o, Dragapult na Baxcalibur wa mwaka 2022. Mtaje mmoja mbele ya vijana uone macho yanavyowatoka.

Sasa jamani, tuanze na Slaking. Huyu alitoka 2002 katika Ruby na Sapphire, na jumla yake ni 670, sawasawa na Kyogre na Groudon, wenye sura zao kwenye maboksi ya michezo hiyo! Mbona hamumwabudu? Kwa sababu kipaji chake, Truant, kinamfanya apige zamu moja na kulala zamu inayofuata. Haya basi, mmekwisha kukiri kwamba jumla pekee haisemi kitu. Mimi nawaomba tu mwendelee na mantiki hiyo hiyo hadi mwisho.

Dragonite wa 1996 hakuwa hata na hiyo 600. Wakati huo takwimu zilikuwa tano, kwa hiyo jumla yake ilikuwa 500. 600 ilipatikana 1999 pale takwimu ya "Special" ilipogawanywa mara mbili. Na joka hilo la kutisha, la aina ya Dragon na Flying, halikuweza kujifunza Fly. Shambulio la Dragon lililokuwapo lilikuwa moja, Dragon Rage, ambalo hutoa uhai 40 tu, awe anayepiga ni Dragonite au mtoto wake Dratini. Barafu nayo ilimwumiza mara nne. Eti huyo ndiye jirani wa Mewtwo!

Mtaniuliza, na Garchomp je? Garchomp ni hatari kweli, sibishi. Lakini tazama kasi yake: 102. Pale kwenye 100 kuna msongamano, yupo Salamence, yupo Zapdos, yupo Charizard, wapo Mew, Celebi na Jirachi. Garchomp anawatangulia wote kwa pointi mbili. Mwenye kuandika programu atanielewa haraka, hiyo ni tofauti ya "kubwa kuliko" na "kubwa au sawa na", alama moja inayobadilisha matokeo yote. Mpunguzie pointi tatu za kasi, ziweke kwenye ulinzi maalumu. Jumla bado ni 600, lakini umepata mnyama mwingine kabisa, anayepigwa kabla hajainua mkono. Kommo-o naye ana 600 yake, kasi 85, na aina ya Dragon na Fighting inayomfanya aumizwe mara nne na Fairy. Hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Linalonikera hasa ni ushauri wanaopewa wanaoanza. Mtoto anacheza Black, ana Excadrill aliyemlea tangu akiwa Drilbur, anaambiwa amweke kando abebe Deino kwa sababu "huyu atafika 600". Atafika lini? Deino anapatikana Victory Road, mlangoni kabisa mwa mwisho wa hadithi. Atakuwa Zweilous, jumla 420, na Hydreigon atatokea leveli ya 64. Ghetsis, adui wa mwisho, anakuja na Hydreigon wa leveli 54! Watengenezaji wenyewe waliruka sheria yao, kama walivyofanya kwa Lance katika Gold na Silver, mwenye Dragonite wa leveli 47 wakati wewe unasubiri 55. Yaani gharama ya 600 unailipa wewe peke yako.

Na Excadrill aliyewekwa kando? Jumla yake ni 508. Wachezaji wa Smogon, enzi hizo hizo za Black na White, ndiye waliyemfungia kwa muda kuwa ni mkali kupita kiasi, huku Hydreigon akiachwa acheze. Siri ilikuwa kipaji cha Sand Rush, kinachomzidishia kasi mara mbili kukiwa na dhoruba ya mchanga. Mchanga huo mara nyingi aliuleta Tyranitar, mwenye 600 zake, kwa kuingia tu uwanjani. Kipaji hicho hakimo katika jumla ya yeyote kati yao.

Mwaka 2014 Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia huko Washington. Ndani ya timu yake alikuwamo Garchomp, na alikuwamo Pachirisu, kindi wa umeme mwenye jumla ya 405, ambaye kazi yake ilikuwa kuyavuta mashambulizi yamwangukie yeye ili wenzake wapate nafasi ya kupiga. Nendeni mkatazame fainali ile, halafu mniambie ni kipi kati ya hivyo viwili watu wanakikumbuka.